Ekegusii kimo ndani ya simu, lakini nani anakiandika?

Ukifika Kisii ukamsikia mtoto akimwita mama yake "baba", usidhani masikio yamekudanganya. Kwa Ekegusii baba ndiye mama, na mzazi wa kiume ni tata. Bibi ni magokoro, babu ni sokoro. Mpwani anayeshuka basi Kisii mjini kwa mara ya kwanza hulicheka neno hilo moja, kisha akaamua kwamba lugha ya huko haina udugu wowote na yetu. Na akae siku mbili tatu. Atasikia amache, ajue ni maji. Omote ni mti, omonto ni mtu, enyomba ni nyumba, engombe ni ng'ombe. Kitabu ni egetabu, vitabu ni ebitabu. Akiamkiwa asubuhi "Bwakire", aulize maana yake, ataambiwa kumekucha.

Hata jina la lugha limejengwa kama tujengavyo sisi. Sisi tunasema Kikisii, wenyewe wasema Ekegusii, na hiyo eke- ndiyo ki- yetu iliyotanguliwa na sauti moja. Watu wake ni Abagusii, mmoja wao Omogusii. Katika sensa ya 2019 walihesabiwa karibu milioni 2.7. Mwaka huo Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Sasa fanya hesabu: hata ukichukulia kwamba kila aliyehesabiwa katika kaunti hizo mbili ni Mgusii, bado wanabaki zaidi ya laki nane wanaoishi kwingine, wakiwemo majirani zetu hapa Mombasa. Kwa idadi ya watu, hii si lugha ndogo. Inawazidi hata Wamijikenda wote tisa wakiwekwa pamoja, ambao sensa hiyo hiyo iliwahesabu karibu milioni 2.5.

Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini nimefanya kazi ya simu Kisii mjini kwa miaka minne, kuuza na kutengeneza, na siku za soko tukienda Keroka na Nyamira. Fundi simu hujifunza habari za lugha bila kukusudia. Mtu anakuletea simu aliyotumiwa na mwanawe aliye Nairobi, na kabla hajauliza bei ya kava anakuuliza kama inaweza "kusema lugha yetu". Nilikuwa nikijibu haiwezi. Siku moja kijana niliyekuwa nikifanya naye kazi akaniambia ngoja, akaingia kwenye mipangilio, akateremsha orodha ya lugha, na hapo katikati likatokea neno Ekegusii.

Limo kweli. Ukiwa na simu ya Android, fungua orodha ya lugha utazame. Utakuta Dholuo, Kalenjin, Kikamba, Kĩmĩrũ, na kutoka huku kwetu utakuta Kitaita. Lakini ukilibonyeza hilo neno Ekegusii, usitarajie makubwa. Menyu zote zinabaki Kiingereza. Kitu kinachobadilika ni kalenda: majina ya siku na miezi, na mpangilio wa tarehe. Basi.

Sababu yake ni hii. Kuna hazina moja ya taarifa ambayo kampuni zote kubwa za simu na kompyuta huchota kutoka kwake, inayotunzwa na shirika la Unicode, lile lile linaloamua kila herufi ya dunia ipewe namba gani ndani ya mashine. Kwa kila lugha huwekwa mambo ya msingi: siku, miezi, jina la sarafu, jinsi ya kuandika tarehe na namba. Karibu na mwaka 2010, mtandao wa wataalamu wa Kiafrika uliotaka lugha zetu zipate nafasi kwenye kompyuta ulikusanya taarifa hizo kwa lugha nyingi za bara hili, na Ekegusii kikaingia, kwa alama ya herufi tatu: guz. Huo ulikuwa mlango. Kumtafsiria mtu menyu nzima ya simu ni kazi nyingine, na hiyo hakuna aliyeifanya.

Lakini hebu tuzitazame hizo siku, maana ndani yake mna historia. Jumapili ni Chumapiri. Jumatatu ni Chumatato, Jumanne ni Chumaine, Jumatano ni Chumatano. Alhamisi ni Aramisi na Ijumaa ni Ichuma. Mpwani hahitaji mkalimani hapo. Hayo ni maneno yetu yaliyopanda bara na misafara, na maduka, na serikali, yakavishwa nguo za huko. Ekegusii hakina j yetu, ikawa ch. L ikawa r. Kwenye miezi, Novemba imekuwa Nobemba kwa kuwa v nayo haimo. Na kwamba majina haya yalichukuliwa mazima mazima, bila kutafsiriwa, utajua kwa namba. Tatu kwa Ekegusii ni isato na tano ni isano. Lau wangetafsiri, Jumatano ingekuwa na sano ndani yake. Haina. Walilichukua neno lote kama lilivyotoka mdomoni mwa Mswahili.

Kisha inakuja Jumamosi, na Jumamosi ni Esabato. Hapo msafara wetu umeishia na misheni ya Waadventista ikashika usukani. Wamisheni wa Kikatoliki walijenga Nyabururu na Waadventista Nyanchwa katika miaka ya mwanzo ya 1910, na hadi leo Jumamosi asubuhi Kisii mjini utaona maduka mengi yamefungwa na watu wamevaa nguo za kanisani. Wiki moja ya Ekegusii ina Uislamu wa pwani Alhamisi na Ijumaa, na Uadventista Jumamosi, na hakuna anayeona ajabu.

Wataita, walio karibu nasi zaidi, wamekwenda njia yao. Kwenye kalenda ya simu Jumatatu yao ni Kuramuka jimweri, inayofuata ni Kuramuka kawi, halafu kadadu, kana, kasanu, wakihesabu kwa namba zao wenyewe. Jumamosi yao ni Kifula nguwo, na hilo sina haja ya kulifasiri. Nimeyaeleza haya kwa sababu kalenda hizi zimo mifukoni mwetu na hakuna anayezifungua.

Tuje kwenye maandishi. Ekegusii kina irabu saba kinywani: e mbili na o mbili, moja ya kubana na moja ya kupanua, pamoja na a, i na u. Kina pia kidatu, yaani sauti ikipanda au kushuka neno linaweza kubadili maana, na urefu wa irabu nao una kazi yake. Lakini kwenye karatasi kina irabu tano tu, zile zile zetu. Walioanzisha maandishi haya, na waliotafsiri Agano Jipya lililotoka 1948 na Biblia nzima, Ebibilia Enchenu, iliyotoka 1988, walitumia a, e, i, o, u. Anayejua lugha anajaza mwenyewe.

Kuna wanaosema huo ni upungufu, na kwamba ingefaa ziongezwe herufi mbili. Wakikuyu na Wakamba, ambao nao wana irabu saba, huweka kijimkia juu ya i na u ili kutofautisha. Lakini msomaji wa pwani ana njia ya kulielewa jambo hili bila kwenda mbali. Babu zetu waliandika tenzi kwa herufi za Kiarabu, wakiwa na alama tatu za irabu kwa sauti tano, na b ikibeba kazi ya p. Waliosoma walisoma, kwa kuwa lugha walikuwa nayo kichwani. Na aliyepita chuoni anajua kwamba msahafu huwekewa irabu zote, lakini gazeti la Kiarabu haliwekewi, na Mwarabu hasumbuki. Kuna maandishi ya kumfundishia mtu kusoma na kuna maandishi ya mtu anayejua.

Rai yangu ni hiyo hiyo kwa Ekegusii. Kamusi na vitabu vya darasa la kwanza viweke alama zote. Kamusi ipo: Kennedy Bosire na Gladys Machogu walitoa ya kwao 2013, na kabla ya hapo Wilfred Whiteley, yule yule mtaalamu wa Kiswahili, alikwisha kuandika kitabu kizima mwaka 1960 juu ya nyakati za vitenzi vya Ekegusii. Lakini maandishi ya kila siku yabaki na herufi tano. Na hapa nasema kama fundi simu. Ujumbe mfupi wa kawaida hubeba herufi 160. Ukitia ndani yake herufi moja tu isiyo kwenye orodha ya zamani ya simu, kama ĩ au ɛ, ujumbe wote unabadilishwa namna ya kubebwa na nafasi inashuka hadi 70. Ndiyo maana Mkikuyu akiandika kwenye simu huiacha mikia. Ekegusii cha herufi tano kinasafiri kwa bei ya Kiingereza, kwenye simu ya bei rahisi kuliko zote, ile ya vibonye na tochi. Hakihitaji kibodi mpya wala programu mpya.

Hilo la ujumbe mfupi ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Alikuwako mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akija dukani kila baada ya wiki kadhaa. Alikuwa akingoja wateja wapungue, kisha anipe simu nimsomee ujumbe. Ulikuwa unatoka hospitali, kwa Kiingereza: tarehe ya kurudi kliniki, jina la kipimo, na maneno ya kumkumbusha asikatize dawa. Sitasema ni hospitali gani wala maradhi gani. Nilimsomea kwa Kiswahili pole pole, naye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha bei na salamu, kwa hivyo mengine nilimwonyesha kwa vidole: siku tatu zijazo, saa mbili asubuhi, usile kitu. Nilimuuliza kwa nini asimpe mjukuu wake, aliyekuwa sekondari na Kiingereza anacho. Akaniambia hataki mtoto ajue. Akaona bora nijue mimi, mgeni, mtu wa Mombasa, ambaye iko siku nitaondoka.

Mama huyu hakuwa mtu asiyejua kusoma. Kwenye mkoba wake alikuwa na Ebibilia Enchenu iliyofunikwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani, na nimemwona akiisoma akingoja, midomo ikitikisika. Ujumbe ule ungeandikwa kwa lugha ile ya kwenye mkoba, angeusoma peke yake, nyumbani kwake, na siri ingebaki yake.

Na mjukuu je? Mjukuu anazungumza Ekegusii, anakicheza, anakitania, lakini ukimpa ukurasa wa Ebibilia anasoma kama anayevuka mto kwa mawe. Siku hizi mitaala inataka lugha ya nyumbani ifundishwe gredi ya kwanza hadi ya tatu, na zamani palikuwa na vile vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu. Lakini mjini, ambako lugha zimechanganyika, sera huruhusu Kiswahili kishike nafasi hiyo, na shule nyingi za kulipia huanza na Kiingereza tangu siku ya kwanza. Kwa hivyo ndani ya nyumba moja anayekisoma Ekegusii hana simu kubwa, na mwenye simu kubwa hakisomi. Wanakutana kwa sauti. Kijana humtumia bibi yake ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, bibi akajibu kwa sauti, na hakuna herufi iliyoandikwa.

Sauti ndiko Ekegusii kiliko na nguvu. Egesa FM iko hewani, na KBC, ambayo sisi tunaijua kwa Pwani FM, inayo Minto FM kwa ajili yao. Panda matatu yoyote kutoka Kisii kwenda Ogembo au Kebirigo usikie. Watu wanabishana siasa, wanatangaza matanga, wanauza mbolea, yote kwa Ekegusii safi chenye maneno mapya ya kila namna. Yanapotea hewani. Hakuna anayeyaandika.

Na hapo ndipo mashine zinapokwama. Programu za kutafsiri za siku hizi hazifundishwi sarufi. Hulishwa maandishi mengi mno, na sauti nyingi zilizoandikwa pembeni yake, zikajifunza zenyewe. Lugha isiyoandikwa haina cha kulisha. Juni 2024 Google iliongeza lugha 110 kwa mkupuo kwenye programu yake ya kutafsiri. Kijaluo, jirani wa karibu kabisa wa Ekegusii, kilikuwamo. Ekegusii hakikuwamo. Vyuo vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene vilipokusanya hazina ya maandishi na sauti iitwayo Kencorpus, vilichukua Kiswahili, Kijaluo na lahaja tatu za Kiluhya. Ni kazi nzuri, na mtu huanza anapoweza. Lakini Mgusii alisimama tena kando ya barabara akitazama gari likipita.

Maandishi makubwa ya Ekegusii yaliyopo ni Biblia. Ukiifundisha mashine kwa Biblia peke yake, itasema kama nabii. Utaiuliza bei ya mkungu wa ndizi Daraja Mbili ikujibu kwa maneno ya Isaya. Na itakuwa nabii wa upande mmoja, kwa kuwa Ekegusii kina sura mbili, Ekerogoro cha kaskazini na Ekemaate cha kusini, kule Mugirango Kusini, na maandishi yamejengwa juu ya Ekerogoro. Msomaji wangu wa Mvita au Lamu ataelewa maumivu ya Mmaate bila kufafanuliwa. Ilikuwa ni hapa hapa Mombasa, katika mkutano wa 1928, ilipoamuliwa kwamba Kiunguja ndicho kiwe Kiswahili cha vitabu, Kimvita kikae pembeni. Leo tunajigamba kwamba Kiswahili kimo katika kila simu. Hicho kilichomo ni kile cha mkutano. Andika "ndia" kama alivyosema bibi yako uone: simu yangu mimi hulibadilisha ikaandika India.

Wapo watakaouliza kwa nini wasitumiwe Kiswahili tu, kwa kuwa ndiyo lugha ya taifa. Ningependa iwe hivyo, ni lugha yangu. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakipa Kiswahili heshima hiyo, na papo hapo inaitaka serikali ilinde na kuendeleza lugha za wananchi zilizo tofauti tofauti. Yule mama hakuchagua kati ya Kiswahili na Ekegusii. Aliletewa Kiingereza. Na ukimpelekea Kiswahili utakuwa umemsogelea nusu ya njia, ila usiku akiwa peke yake na dawa zake bado atahitaji mtu wa kumfafanulia "usile kitu kabla ya kipimo".

Najua wakubwa wakisikia habari za lugha na teknolojia hufikiria kamati, bajeti na wataalamu kutoka nje. Kwa jambo hili havihitajiki. Nimezisoma jumbe za kliniki nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na hazizidi aina kumi au kumi na mbili: njoo tarehe fulani, usikose, usile, leta kadi, majibu yako tayari, dawa zimefika, kliniki imeahirishwa. Hubadilika jina na tarehe tu. Mwalimu mmoja wa Ekegusii na muuguzi mmoja wakikaa mchana mmoja wamezimaliza, kisha wazisome mbele ya wazee watatu wanne, mmoja wao awe wa Mugirango Kusini, waone kama zinaeleweka. Viwanda vya majani chai vya Nyamira vingeweza kufanya vivyo hivyo kwa jumbe za malipo. Jumbe hizo zikikusanywa, bila majina wala namba za watu, ndizo maandishi ya Ekegusii cha leo ambayo watengenezaji wa mashine wanayatafuta hawayapati.

Kuna pengo moja dogo la kuzibwa kwanza. Fomu za kusajili mgonjwa nilizopata kuziona, za Kisii na za huku kwetu Mombasa, huuliza jina, kitambulisho, namba ya simu, kijiji, dini, na jamaa wa kupigiwa simu kukitokea jambo. Hakuna mstari unaouliza mgonjwa anasoma lugha gani.